Mtoto ana usonji, baba yuko jeshini Marekani, bima imekata masaa ya tiba ya ABA. Tufanyeje?

Mama_Zayd

Habari za jioni wapendwa, mnivumilie itakuwa ndefu maana nimeibeba muda mrefu.

Mimi kwetu Tanga, niko Marekani mwaka wa saba sasa, mume wangu ni sajenti jeshini hapa. Tuna mtoto wa miaka mitano ana usonji, tuligundua akiwa na miaka miwili na nusu tukiwa Fort Stewart kule Georgia. Haongei kwa mdomo, ana tableti yake anabonyeza picha inamsemea. Kule Georgia alikuwa anapata ABA, ile tiba ya tabia kwa watoto wenye usonji, masaa 25 kwa wiki na nawaambia ukweli yule mtoto alifunguka. Kuna siku alibonyeza "nataka", akabonyeza "chapati", akanishika kidole akanivuta mpaka kwenye jiko, nikakaa chini sakafuni nikalia. Kabla ya hapo akitaka kitu alikuwa anapiga kichwa ukutani na mimi nakimbia huku na huku na maji, ndizi, midoli, nabahatisha tu kipi kitamtuliza.

Mwaka jana tukapata PCS, yaani amri ya jeshi ya kuhama kituo, tukahamishiwa huku Washington, Lewis-McChord. Basi ndo ikawa tumeanza upya kila kitu. Kibali cha Georgia huku hakifanyi kazi kwa sababu ni kanda nyingine ya TRICARE, bima yetu familia za jeshi, kliniki ya kwanza listi ndefu, ya pili hawapokei TRICARE, ya tatu tukasubiri miezi saba. Miezi saba jamani! Mtoto akarudi kupiga kichwa, akaacha kulala, tableti akawa anairusha. Tulipopata nafasi, mtaalamu akampima akaomba masaa 25 kama zamani, barua imerudi wamekubali 12. Na yale malengo ya kuvaa soksi na kupiga mswaki wameyafuta, wanasema hiyo ni shughuli ya kila siku sio tiba. Nikaomba basi tekinisheni wake wa ABA awe naye shuleni hata masaa machache, nalo hapana.

Mimi nataka kupigana ila mume wangu anaogopa. Anasema ukianza kulalamika jeshini jina linafika kwa kamanda, na yeye anasubiri kupandishwa cheo. Simlaumu, ametoka mbali mpaka kufika hapo. Mama mkwe naye kila akipiga simu ni "mleteni mtoto Tanga akae na bibi yake, huko mnamsumbua na madaktari".

Naomba kujua kuna mtu ameshakata rufaa akafanikiwa? Na ni kweli itamharibia mume wangu? Na kitu kingine sielewi, kila karatasi imeandikwa huu ni mpango wa majaribio. Majaribio gani hayaishi miaka yote hii?

---

Mstaafu_Killeen

Pole sana Mama Zayd. Mimi ni Mkenya, nimetumikia US Army miaka 11, saa hii niko nje. Wacha nianze na hilo la majaribio kwa sababu ukilielewa hilo utaelewa kwa nini mlango unafungwa kila mahali.

TRICARE haihesabu ABA kama sehemu ya mafao ya msingi. Wizara ya Ulinzi inashikilia kwamba ushahidi hautoshi. Zamani ilikuwa chini ya mpango mmoja unaitwa ECHO, na ECHO ni ya familia za askari walio kazini tu. Sasa fikiria mimi. Nilitolewa jeshini 2011 kwa sababu ya mgongo, niliumia kazini, na siku karatasi zangu ziliposainiwa mtoto wangu akapoteza ABA. Mimi ndio nimeumia nikilitumikia jeshi na mtoto ndio anaadhibiwa. Tulikaa na mke wangu mezani tukapiga hesabu tuuze gari gani, tukauza yote mawili tukanunua moja mzee, na pesa ikaisha kabla mwaka haujaisha.

2012 mambo yalianza kusonga kwa sababu wazazi walikataa kunyamaza. Kuna familia ya Berge ilipeleka serikali kortini, na mwezi wa saba mwaka huo jaji Reggie Walton wa Washington DC akasema hio kukataa kulipia ABA haina msingi. Mwaka huohuo seneta Gillibrand wa New York akapeleka marekebisho kwenye sheria ya bajeti ya ulinzi, Seneti ikapitisha 66 kwa 29. Nilikuwa naangalia hio kura kwa simu nikiwa kwa parking ya kazi, nikachelewa kuingia. Lakini sheria ilipotoka mwisho ikawa imepunguzwa, wakapewa majaribio ya mwaka mmoja tu. Halafu Julai 2014 wakaunganisha vipande vyote wakatengeneza huu mpango mnaoutumia sasa, na angalau wakaingiza na sisi wastaafu. Ulipaswa kuisha, ukaongezwa, ukaongezwa tena, sasa umeandikwa mpaka mwisho wa 2028. Ndio maana wanaweza kubadilisha masharti bila kuuliza Congress, bunge la Marekani, kwa sababu kitu cha majaribio ni chao kukipanga.

Na usiache mtu akwambie mnaomba anasa. Karani wa serikali kuu ya Marekani anayekaa ofisini, raia wa kawaida, tangu 2017 bima yake lazima ilipie ABA. Majimbo yote 50 yana sheria ya kulazimisha bima za kawaida zilipie usonji. Hizo sheria za majimbo hazigusi TRICARE kwa sababu ni ya serikali kuu. Kwa hivyo mtoto wa jirani yako raia analindwa na jimbo, wa askari anakaa kwa mpango wa kuongezwaongezwa.

Sasa hilo la shemeji kuogopa. Mwambie hivi, kutoka kwa askari mwenzake. Kuna sheria, kifungu cha 1034 cha Title 10 (sheria za majeshi ya Marekani), inasema hakuna mtu anaruhusiwa kumzuia askari kuongea na mbunge wake au seneta, na hakuna kumlipizia kisasi kwa cheo wala kwa kazi. Akilipiziwa anaenda kwa Inspekta Jenerali, ofisi inayochunguza malalamiko kama hayo. Asivae unifomu akienda kwa mbunge, asiseme anaongea kwa niaba ya jeshi, aongee kama baba. Na rufaa ya bima haipiti kwa kamanda hata kidogo, hio ni kati yenu na kampuni inayoshika mkataba. Wewe mwenyewe kama mama unaweza kuisaini, si lazima yeye.

Najua hofu yake. Mimi pia nilinyamaza miaka miwili nikiwa kazini nikidhani nalinda cheo, na mgongo ukaja ukanitoa hata hivyo.

---

Tekni_Atlanta

Hi Mama Zayd, mimi nafanya kazi ya ABA, ni tekinisheni mwaka wa nne, watoto wengi wangu ni wa TRICARE. Naongea vile naona kwa kazi, si kwa niaba ya kliniki yangu.

Masharti mengi unayoyaona yalikuja na sera mpya ya Machi 2021. Ndio ilikataza tekinisheni kuingia na mtoto shuleni, ndio iliondoa malengo ya shughuli za kila siku, na ndio ilileta vipimo vingi kila miezi sita na mwaka, PDDBI, Vineland, SRS, mpaka dodoso la mzazi kuhusu msongo wake mwenyewe, maswali 36. Nimekaa na mama mmoja akijaza hilo dodoso, bwana yake yuko misheni nje, mtoto anapanda juu ya meza, anafika swali la kama anajiona ni mzazi mzuri, kalamu ikasimama. Akaniuliza, nikijaza ukweli watanikatia? Sikuwa na jibu. Hio ndio hali tunawaweka wazazi.

Kwa barua yako, angalia tarehe. Una siku 90 tangu tarehe iliyo kwa barua ya kukataliwa, usikae ukingoja. Pili, mwambie BCBA wako, yaani yule mtaalamu wa ABA aliyempima mtoto, aombe kuongea kwa simu na daktari wao aliyepitia faili, mara nyingi masaa hukatwa na mtu aliyesoma karatasi tu. Tatu, hizo soksi na mswaki. Usidanganye na usikubali mtu adanganye kwa jina lako, lakini jiulizeni pamoja, je, mtoto anakataa soksi kwa sababu hajui kuvaa ama kwa sababu kitambaa kinamchoma ngozi anaanza kupiga kichwa? Kama ni hio ya pili basi lengo ni tabia ya kujiumiza na kuwasiliana, aandike hivyo, na hio ni dalili ya usonji yenyewe. Nimeona ripoti moja ikirudi imekubaliwa baada ya BCBA kueleza tu vizuri kitu kilekile.

Kitu ingine, andika. Nunua kitabu cha mistari cha kawaida, andika kila siku amepiga kichwa mara ngapi, amelala saa ngapi, amebonyeza maneno mangapi. Hio miezi saba bila ABA ndio ushahidi wako mkubwa, onyesha alikuwa wapi Georgia na alishuka mpaka wapi.

---

Bint_Unguja

Dada pole, mimi nitasema tofauti kidogo mniwie radhi. Nina mpwa wangu Uingereza ana usonji, sasa ni mtu mzima, na yeye na wenzake wengi hawaipendi ABA kabisa. Anasema alifundishwa kukaa kimya na kumtazama mtu machoni mpaka anaumwa, yaani alifundishwa kujificha. Sasa mnapopigania masaa 25, mnapigania nini hasa? Mtoto wa miaka mitano masaa 25 ni kazi ya mtu mzima nusu. Nauliza kwa nia njema.

---

Mama_Zayd

@Bint_Unguja asante kwa kuuliza kwa heshima, swali hili nimejiuliza mwenyewe usiku mwingi. Ya zamani ilikuwa na mabaya nimesoma. Kliniki ya Georgia nilikuwa nakaa ndani naangalia, hawakumlazimisha macho, hawakumzuia kupunga mikono yake akifurahi, na siku aliyochoka waliacha akalala. Kama ningeona vingine ningemtoa. Ninachopigania ni kwamba niwe mimi na mtaalamu wake na siku moja yeye mwenyewe tunaoamua masaa mangapi, sio mtu ambaye hajawahi kumuona. Kuhusu mpwa wako, mwambie shangazi yake wa huku Tacoma, karibu na kambi yetu, anamsalimia na ningependa kusikia kutoka kwake ni nini kingemsaidia akiwa mdogo.

@Mstaafu_Killeen hilo la kuuza magari limeniumiza. Nimemsomea mume wangu kwa sauti, kanyamaza, akaenda nje kidogo, akarudi akasema nisome tena pale pa sheria.

---

MamaWawili_SD

Jamani nimechelewa kuona huu uzi. Mimi mume wangu ni Navy, tuko San Diego, asili yangu Mwanza, watoto wawili wote wana usonji, nimehama vituo vinne. Nitasema yale ambayo wenzangu hawajayagusa.

Kwanza wakati unapigana na ABA usimwache mtoto mikono mitupu. Tiba ya kuongea na OT (ile tiba ya kumzoesha shughuli za kila siku) ziko kwenye mafao ya msingi ya TRICARE, hazimo kwenye hayo majaribio, hazina vipimo vyote hivyo. Muombe daktari wa watoto barua ya kukupeleka kwa wataalamu hao wiki hii. Na kama mko kwenye ule mpango wa TRICARE unaoitwa Prime, kiwango chao wenyewe kinasema miadi ya bingwa isizidi siku 28, kwa hiyo ile miezi saba mliyosubiri ilivunja kanuni yao, iandike kwenye malalamiko kwa tarehe. Pale hospitali ya kambi kuna mtu anaitwa BCAC, kazi yake ni kusaidia watu wenye shida na TRICARE, muone ana kwa ana. Military OneSource nao wana washauri wa watoto wenye mahitaji maalum, bure. Na uangalie Medicaid ya Washington, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, inaitwa Apple Health, inalipia ABA na inaweza kulipa pale TRICARE inapoishia, sio kila familia inaingia ila kuomba hakugharimu kitu.

Hakikisheni EFMP, ule usajili wa jeshi wa familia zenye mtu mwenye mahitaji maalum, imesasishwa, ile fomu 2792 na mwenzake wa shule 2792-1, maana bila EFMP hamna ECHO, na kwa familia za walio kazini bila ECHO hamna ABA. Nimeona familia imesimamishiwa tiba kwa sababu tu fomu ilipitwa na tarehe wakati baba yuko baharini.

Shuleni nako, tekinisheni wa TRICARE hawezi kuingia lakini mtoto ana haki ya IEP, yaani mpango wake binafsi wa elimu maalum, na mkihama jimbo shule mpya inatakiwa impe huduma zinazolingana na zile za IEP ya zamani mpaka wapime upya. Usisubiri wakuambie, nenda na nakala mkononi.

Sasa Congress. Watu wanadhani ni kitu kikubwa, sio. Unafungua tovuti ya mbunge wa unapokaa, kuna sehemu ya kuomba msaada na taasisi ya serikali kuu, unasaini fomu ya kuwaruhusu waulizie taarifa zako, basi. Kuna mfanyakazi pale kazi yake ni hiyo tu. Huna haja ya kuwa raia, huna haja ya kupiga kura, ukiwa mkazi inatosha. Fanya kwa mbunge na maseneta wote wawili. Barua iwe ukurasa mmoja. Mimi ya kwangu ilianza hivi: "Mwanangu ana miaka sita. Katika miaka sita ameishi majimbo matatu na ameanza tiba upya mara tatu, kwa sababu baba yake alitii amri ya kuhama." Usiandike matusi, usiandike historia yote, andika mtoto alikuwa anaweza nini, kimekatwa nini, unataka nini kifanyike. Simu ya kampuni ilinijia baada ya siku tisa, na kwa miezi minne kabla ya hapo nilikuwa napiga mimi.

Na tofautisha mambo mawili. Kesi yako ni moja, sheria ni nyingine. Ukimaliza kesi yako mwandikie tena mbunge umwambie unataka ABA iingie kwenye mafao ya msingi kupitia NDAA, ile sheria ya ulinzi inayopitishwa kila mwaka. Hapo ndipo mambo yetu yanapobadilika. 2016 walishusha malipo ya kliniki, kliniki zikaanza kukataa watoto wetu, wazazi wakapiga kelele na sheria ya mwaka uliofuata ikarudisha malipo. Sheria ya 2022 ikaagiza National Academies, taasisi ya wanasayansi ambao sio watu wa Wizara, waupitie huu mpango wote. Hayo yote yalitokana na barua kama yako.

Watakujibu kwa namba, ujiandae. Wizara iliripoti Congress kwamba asilimia 76 ya watoto hawakubadilika au walibadilika kidogo tu baada ya mwaka mmoja wa ABA. Namba hiyo inatoka kwenye dodoso moja, PDDBI, na linajazwa na mzazi ambaye pengine kahama mara mbili katikati. Kwangu lilijazwa siku mbili baada ya mume wangu kuondoka na meli. Mwanangu alikuwa analala mlangoni kwenye viatu vya baba yake, akaandikwa amerudi nyuma. Hakurudi nyuma. Alikuwa na huzuni, na huzuni haina kisanduku cha kuweka alama.

Mwambie mama mkwe wako asante kwa upendo, tena kwa dhati, maana bibi anayemtaka mjukuu mwenye usonji akae naye wengi wetu hatuna.

---

Tekni_Atlanta

@MamaWawili_SD hio ya viatu nimeisoma mara mbili. Kazini kwetu hatuoni hayo, tunaona tu grafu imeshuka. Kuanzia wiki hii nitakuwa nauliza mzazi nini kimetokea nyumbani kabla ya kipimo na niandike kwa notisi zangu.

---

Mama_Zayd

Wapendwa narudi na habari, zimepita wiki tatu.

BCBA alipiga simu kuongea na daktari wao, walikuwa hata hawajaiona ripoti ya Georgia, haikuwahi kutumwa na kumbe sisi tulidhani imetumwa. Masaa yamepanda kutoka 12 hadi 18, bado sio 25. La soksi limeandikwa upya kama alivyosema Tekni, maana kweli sio kuvaa, ni ule mshono wa kwenye vidole unamsumbua, nimegundua kwa kumgeuzia soksi nje ndani akatulia. Miaka mitano sikuwahi kufikiria hilo! Tiba ya kuongea anaanza Alhamisi. BCAC tumemuona, mama mmoja mtu mzima mpole sana, akatutolea nakala ya kila kitu.

Kwa masaa saba yaliyobaki tumekata rufaa rasmi. Barua ya mbunge niliandika mimi kwa Kiswahili kwanza usiku, nikaitafsiri asubuhi, mume wangu akairekebisha Kiingereza. Mwanzoni alisema nisaini peke yangu. Jumapili akarudi kutoka kazini hata buti hajavua, Zayd akaja na tableti yake akakaa miguuni pake anachezea kamba za buti kama kawaida yake, akabonyeza "baba", akabonyeza "saidia". Alikuwa anataka kamba ifunguliwe tu. Mume wangu akafungua kamba, akaomba kalamu.

Imeenda Jumatatu kwa posta ya kusainiwa, nakala tatu, mbunge na maseneta wawili. Risiti nimeibandika kwenye friji chini ya kalenda. Leo ni siku ya 41 kati ya 90. Wakijibu nitawaambia hapahapa.